Kizuri Hakijiuzi Tena: Usambara na Soko la Simu

Wazee wetu walituachia neno lisemalo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Neno hilo lilikuwa kweli tupu katika zama za soko la kijiji, ambapo muuzaji na mnunuzi walijuana kwa majina, na mwenye ndizi nzuri hakuwa na haja ya kupiga kelele kwani kila aliyepita aliziona. Lakini leo mnunuzi hapiti tena sokoni kwa miguu tu. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, ama Mombasa, ama Berlin, na jambo la kwanza alifanyalo asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, ni kuitazama simu yake. Asichokiona humo, kwake yeye hakipo duniani. Basi, ndugu msomaji, yatupasa kulitazama upya neno la wazee, si kwa kulidharau, bali kwa kuuliza: kizuri kilichofichwa nyuma ya mlima, ambacho hakuna akionaye, kitajiuzaje?

Twauliza swali hili kwa ajili ya Lushoto na Milima ya Usambara. Apandaye kutoka Mombo kwa ile njia iliyojipinda kama nyoka, akapita Soni penye maporomoko ya maji, hata akafika Lushoto mjini, aikuta nchi ambayo Mwenyezi Mungu hakuinyima kitu. Wajerumani waliipendea baridi yake, wakapafanya mahali pao pa kupumzikia na kupaita Wilhelmstal. Wao wamekwenda zao. Baridi imebaki, na mashamba yamebaki. Kabichi, karoti, nyanya, pilipili hoho na viazi mviringo vya Lukozi, Malindi na Mlalo husafiri usiku kwa malori kwenda kulisha jiji la Dar es Salaam. Yako mapeasi, mapichi na maplamu ambayo pwani hayaoti. Iko chai ya Bumbuli. Watawa na wamisionari wa huko wamekuwa wakitengeneza jibini, jemu na mvinyo. Uko msitu wa Magamba wenye mbega, na iko Irente, ambapo mtu husimama ukingoni mwa jabali akaiona nyika yote imetandazwa chini yake kama mkeka.

Haya yote ni mali. Lakini mali isiyojulikana ni kama taa iliyofunikwa kwa pishi: mafuta yateketea, na nyumba ingali gizani.

Katika siku hizi wengi wa vijana wetu wazungumza juu ya kutangaza biashara kwa njia ya mtandao, na wazee wengi huwasikiliza kwa mashaka, wakidhani ni mchezo wa watoto wa mjini. Sisi twaona kwamba si mchezo. Ni suala la uchumi, tena ni suala lile lile ambalo Chama chetu kilizaliwa nalo: je, mtu atokaye jasho ndiye atakayekula matunda ya jasho lake, ama atakula yule aliyekaa njiani?

Historia ya Usambara yenyewe yatoa somo. Kimweri wa Nyumbai, mfalme mkuu wa Wakilindi, alitawala toka Vuga, mlimani, na heshima yake ilifika hata pwani. Alipofariki katika miaka ya 1860, ufalme ulianza kuyumba. Kwa nini? Mwanawe Semboja hakukaa mlimani. Aliteremka akakaa Mazinde, nyikani, penye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Aliyekaa Vuga alikuwa na kiti cha enzi, watu wengi na mashamba yenye rutuba. Aliyekaa Mazinde alikuwa na njia. Misafara ilipita kwake, bidhaa zilipita kwake, bunduki zilipita kwake. Na haukupita muda mrefu nguvu nazo zikamhamia. Mtu akisimama leo pale Irente na kutazama chini, ni Mazinde anayoiona. Na atazame vizuri, kwani somo lake halijazeeka: mlima huzalisha, lakini akaaye njiani ndiye atozaye.

Njia ya misafara ya leo haionekani kwa macho. Imepita hewani, kutoka mnara hadi mnara, na baharini kwa zile nyaya kubwa zilizofika pwani yetu kuanzia mwaka 2009. Lakini kanuni yake ni ile ile ya Mazinde. Yuko aliyekaa njiani, na sisi tungali Vuga.

Somo la pili ni la ua. Mwaka 1892, afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la rangi ya zambarau lililoota katika milima hii. Wataalamu wakalipa jina lake yeye, wakaliita Saintpaulia, na Wajerumani wa kawaida huliita hata leo urujuani wa Usambara. Ua hilo limeuzwa katika vyungu na madirisha ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 100. Jina la milima yetu limezunguka dunia nzima juu ya ua hilo, lakini mwenye mlima hakupata hata senti. Jina ni mali. Asiyelishika jina lake mwenyewe, mwingine atalishika na kulifanyia biashara.

Sasa tutazame mambo yalivyo leo, na tuanze na wenye nyumba za wageni na waongozaji wa watalii. Lushoto haikuanza jana katika kazi hii. Tangu miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, ulianzishwa mpango wa utalii wa utamaduni, na vijana wa Lushoto wakajiunga kuwatembeza wageni misituni na vijijini, huku sehemu ya fedha ikitengwa kwa ajili ya maendeleo ya vijiji. Ilikuwa fikra njema, ya ujamaa kwa hakika. Lakini wageni wa siku zile walikuja na kitabu mkononi, au waliambiwa na wenzao. Mgeni wa leo haulizi mtu. Aandika katika simu maneno mawili tu, kisha achagua mojawapo ya majina matatu ya kwanza.

Takwimu za taifa zaonyesha kwamba watalii kutoka nje walikuwa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Wengi wao huenda Serengeti, Kilimanjaro na Unguja. Si kwamba Usambara haifai; bali wengi hupita Mombo ndani ya basi wakienda Arusha, wakautazama mlima kwa dirisha wasijue kuna nini juu yake.

Na wale wachache wajao, wengi hupitia mlango wa makampuni ya nje yaliyofungua vitabu vya kupokelea wageni katika mtandao. Iliyo mashuhuri, Booking.com, ilianzia Uholanzi mwaka 1996. Ada ya makampuni ya namna hii kwa kawaida ni kama asilimia 15 ya bei ya chumba. Tufanye hesabu. Chumba cha shilingi 60,000 hukatwa shilingi 9,000 kwa usiku mmoja. Mwenye nyumba apataye wageni wa usiku 20 kwa mwezi kwa njia hiyo hutoa shilingi 180,000. Hiyo ni bei ya mabati kadhaa ya kuezekea. Kwa mwaka ni shilingi 2,160,000, na hiyo yatosha kujenga choo kizuri ambacho wageni hao hao hulalamika kwamba hakipo.

Hatusemi kwamba huo ni wizi. Haki lazima isemwe hata kwa mtu wa mbali: kampuni hiyo imemleta mgeni ambaye mwenye nyumba asingempata, na kila kazi ina ujira wake. Lakini mgeni yule akifika, akala, akalala, akafurahi, kisha akaondoka bila mwenye nyumba kumpa namba yake ya simu, bila kumwomba aseme neno jema juu ya mahali pale, bila hata kuliandika jina lake daftarini, basi akirudi mwaka wa pili atapitia mlango ule ule, na shilingi 9,000 zitakatwa tena. Vivyo hivyo rafiki yake, na ndugu ya rafiki yake. Ada ya kwanza ni ujira wa dalali. Ada ya pili na ya tatu ni faini ya uzembe wetu wenyewe.

Tugeukie sasa wakulima wa mboga, ambao ndio wengi. Mkulima wa Lukozi hujua kulima. Hakuna mtu wa mjini awezaye kumfundisha hilo. Hupanda katika mteremko ambao mbuzi mwenyewe huuogopa. Lakini ikifika siku ya kuuza, hukaa kando ya barabara kumngoja mwenye lori. Mwenye lori huja, hutaja bei, na hutaka gunia lijazwe hadi lipigwe kilemba juu ya mdomo, yaani ile lumbesa ambayo sheria ya vipimo imeikataza na ambayo malalamiko yake hayajakoma. Mkulima hukubali. Hukubali kwa kuwa nyanya haingoji, na kwa kuwa hajui bei ya Kariakoo ama Ilala asubuhi ile.

Na hapo ndipo ilipo siri ya dalali. Dalali si jini, wala hana uchawi. Hukodi lori, hubeba hasara mvua ikibomoa njia, na hilo tulikubali. Lakini faida yake kubwa hutoka katika jambo moja tu: yeye ajua bei, na mkulima haijui. Alipiga simu alfajiri. Jambo la kusikitisha ni kwamba mkulima naye anayo simu. Ameinunua kwa fedha yake, na hununua bando kila wiki. Ila ndani yake mna salamu za harusi, vichekesho, na ugomvi wa Simba na Yanga. Jembe analo mkononi, lakini alitumia kukunia mgongo.

Chama chetu na vyama vya ushirika vya nchi hii vilipigana na tatizo hili hili kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoanzisha KNCU mwaka 1933, na wakulima wa pamba wa kanda ya Ziwa walipoungana katika miaka ya 1950 chini ya uongozi wa Paul Bomani, hawakufanya hivyo kwa kupenda mikutano. Walichoka kupunjwa kwenye mizani. Walijenga mizani yao, ghala lao na daftari lao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaja kulitia jambo hilo katika neno moja: kujitegemea. Twauliza basi: ghala na mizani ya zama hizi za simu ni nini? Na ni nani atakayezishika?

Jibu letu ni kwamba mwenye biashara ndogo hana budi kuingia katika soko hili jipya, lakini asiingie kichwa kichwa. Yako mambo matano ambayo twaona yafaa kushikwa.

La kwanza ni jina na mahali. Kila nyumba ya wageni, kila mgahawa, kila duka la jemu na asali lijiandikishe lenyewe katika ramani ya Google, kwani kazi hiyo haina malipo. Mwenyewe asipofanya hivyo, huenda mpita njia akaandika kwa niaba yake, naye akakosea jina, akakosea simu, akaweka picha ya jalala lililo nyuma ya nyumba. Jina liwe moja mahali pote: mlangoni, katika simu, katika Instagram na katika risiti. Mtu mwenye majina matatu hutiliwa shaka hata polisi. Sembuse mfanya biashara.

La pili ni kweli. Picha ipigwe asubuhi, nuru ikiwa njema, nayo iwe ya chumba kile kile atakacholala mgeni, si ya chumba cha hoteli ya Dubai. Bei itajwe wazi. Desturi hii ya kuandika kwamba bei mtaelewana faragha huwafukuza wateja, kwani mnunuzi aelewa maana yake: bei yategemea viatu alivyovaa. Kama maji ya moto hupatikana jioni tu, iandikwe hivyo. Mgeni husamehe baridi ya maji aliyoambiwa. Hasamehi baridi ya uwongo. Na wale wanaonunua maneno ya sifa kutoka kwa watu ambao hawajapata kukanyaga Soni, twawaambia kwamba wanajichimbia shimo. Mteja mmoja aliyedanganywa huandika, na maandishi yake hayafutiki kwa mvua.

La tatu ni kujibu. Biashara nyingi zimefungua ukurasa, zikaweka picha tatu, kisha zikalala. Mgeni aulizaye saa mbili asubuhi na kujibiwa siku ya tatu amekwisha lala kwa mwingine. Iko programu ya WhatsApp iliyotengenezwa kwa ajili ya wafanya biashara tangu mwaka 2018, nayo haina malipo. Huweka orodha ya bidhaa na bei zake, na hutoa jibu la kwanza hata mwenye duka akiwa shambani. Kijana mmoja katika nyumba aitwae kazi hiyo, apewe saa zake na ujira wake, wala isionekane kwamba anacheza na simu.

La nne ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hili limekuwa kweli zaidi katika zama za mtandao. Facebook, Instagram na WhatsApp zote zi mkononi mwa kampuni moja ya Marekani, iitwayo Meta, iliyoinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Afunguaye duka humo amejenga katika kiwanja cha kupanga. Mwenye kiwanja aweza kubadili masharti usiku, na mpangaji hana baraza la kulalamikia. Kwa hiyo majina ya wateja na namba zao ziandikwe pia katika kitabu cha karatasi, kitunzwe kabatini. Na kwa kuwa tangu mwaka 2022 tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, picha za pasi za wageni zisiachwe ovyo katika simu ya kila mfanyakazi.

Yako mambo yaliyotukumbusha thamani ya kitabu hicho. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchini, na hali hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Mambo ya siku zile ni mazito, nayo yana mahali pake pa kuzungumzwa. Hapa twasema la biashara tu. Katika siku kama zile, mwenye nyumba ambaye wageni wake wote wamo katika mtandao hawezi hata kujua ni nani ajaye kesho. Mkulima aliyezoea kuitiwa mboga kwa WhatsApp hana wa kumwuliza. Mwenye namba zilizoandikwa hupiga simu ya kawaida pindi laini ikipatikana, na kazi ikaendelea. Soko lisitegemee mlango mmoja. Na wale wenye mamlaka juu ya mlango huo nao wakumbuke, kila watakapopima jambo, kwamba upande wa pili wa mlango yuko mama wa Lushoto mwenye tenga la nyanya lisiloweza kungoja.

La tano, nalo ni kubwa kuliko yote manne, ni umoja. Mkulima mmoja mwenye magunia mawili ya karoti hawezi kuihudumia hoteli ya Dar es Salaam, hata picha zake zikiwa nzuri namna gani. Hoteli yataka karoti Jumatatu, na Alhamisi, na Jumatatu tena, za ukubwa mmoja, zilizooshwa na kupimwa. Haitaki kusikia kwamba juzi kulikuwa na msiba. Lushoto yenyewe imepata kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana: kikundi cha Usambara Lishe Trust kiliziuzia mboga hoteli na maduka makubwa ya Dar es Salaam moja kwa moja. Lililomfikisha mkulima mdogo katika meza ile ni nidhamu ya pamoja katika ubora na wakati. Simu haichukui nafasi ya nidhamu hiyo. Huipunguzia gharama tu. Wakulima 20 wenye mizani moja, mwandishi mmoja, namba moja ya kupokelea fedha na ukurasa mmoja wenye jina lao, ni duka. Wakulima 20 wenye kurasa 20 ni kelele.

Hali kadhalika wenye nyumba za wageni. Badala ya kila mmoja kushindana na jirani yake kwa kupunguza bei hadi wote wafe njaa, waungane kuutangaza mlima. Mgeni hachagui chumba kwanza, huchagua mahali. Akiisha kuchagua Lushoto, vyumba vyote vimepata nafasi. Watengeneze ukurasa mmoja wa Usambara ulio mali yao: njia ya kutoka Mombo, nauli ya haki, majira ya mvua, waongozaji wanaotambulika, na kila nyumba kwa bei yake. Gharama ikigawanywa kwa watu 30 yawa ndogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wako watakaotupinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza watasema kwamba mtandao umejaa matapeli. Ni kweli. Hapana Mtanzania asiyepata kuletewa ule ujumbe usemao ile hela tuma kwenye namba hii. Lakini tapeli alikuwako hata stendi ya mabasi, na hatukuacha kusafiri. Dawa yake ni namba moja iliyosajiliwa kwa jina la biashara, iliyotangazwa mahali pote, na kanuni kwamba mzigo hauondoki kabla fedha haijaonekana ndani ya simu ya muuzaji mwenyewe, si katika picha ya risiti. Tukumbuke pia kwamba M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 palikuwa na hofu nyingi kama hizi. Leo bibi wa Mtae hupokea fedha ya mjukuu wake kwa simu, akaipokea kwa utulivu kuliko mjukuu mwenyewe.

Wa pili watasema kwamba kujitangaza ni majivuno, na kwamba watu wa mlimani walilelewa kwa haya. Sisi twaiheshimu haya hiyo. Lakini Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alisimama mbele ya kamera katika filamu ya Royal Tour, iliyotoka mwaka 2022, akaitembeza dunia katika nchi yetu. Kama Mkuu wa Nchi hakuona aibu kuitangaza nchi yake, sioni kwa nini mwenye mgahawa wa Soni aone aibu kuutangaza ugali wake. Majivuno ni kusema ulicho nacho na usicho nacho. Kusema ulicho nacho ni taarifa.

Wa tatu watasema kwamba tangazo halitengenezi barabara. Hao twakubaliana nao kabisa. Kabichi haipiti katika waya. Tangazo la kitu kibaya huharakisha tu siku ya kujulikana ubaya wake. Anayedhani kwamba ukurasa wa Instagram utamponya na godoro bovu, ama na karoti zilizooza, amekosea mlango. Soko la simu humfaa yule aliyekwisha fanya kazi yake shambani na jikoni.

Basi upo wajibu wa Serikali na wa Chama, na hapo hatutaki maneno laini. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili mawasiliano yafike mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Vijiji vilivyojificha katika mabonde ya Usambara ndivyo hasa vilivyokusudiwa. Mahali ambapo mtu angali akipanda kilimani ili apate kutuma ujumbe, kazi haijaisha, hata kama katika taarifa imeandikwa kwamba imeisha. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kikiomba mkopo, kishauriwe kununua mizani, kreti za kubebea nyanya na simu moja nzuri ya kikundi, badala ya kugawana fedha na kurudi nyumbani. Maafisa ushirika na maafisa biashara watoke ofisini. Kazi ya kuwaandikisha wafanya biashara wa mtaa mmoja katika ramani ni kazi ya siku moja. Lumbesa ikomeshwe kwa vitendo pale pale barabarani, kwani mkulima aliyejua bei ya Kariakoo lakini akalazimishwa kufunga gunia lenye kilemba amenyang'anywa kwa mkono wa kushoto alichopewa kwa mkono wa kulia.

Na viongozi wa matawi yetu wasingoje waraka kutoka juu. Katika kila tawi wako vijana waliomaliza shule, wanaojua simu kuliko sisi tunaoandika tahariri. Wanakaa vijiweni kwa sababu hakuna aliyewaita. Tawi liwaite. Kijana mmoja akiwafundisha wakulima 10 kuuliza bei ya sokoni kila alfajiri na kuiandika ubaoni penye ofisi ya kijiji, huyo amefanya siasa bora kuliko hotuba ya saa mbili.

Hatuahidi kwamba mtandao utamtajirisha kila mtu. Njia ya Mazinde haikumtajirisha kila aliyekaa kando yake. Ilimtajirisha aliyejua thamani yake, na wengine iliwaletea vita. Lakini twajua jambo moja. Wageni watazidi kuutafuta mlima, na jiji litazidi kutaka mboga, ama tupende ama tusipende. Kitakachoamuliwa katika miaka hii ni nani atakayeandikwa jina juu ya mlango. Tukilala, ataandikwa mtu wa mbali, nasi tutakuwa vibarua katika mashamba yetu wenyewe, kama lile ua la zambarau lililoitwa kwa jina la mpita njia. Tukiamka na kushikana, litaandikwa jina la yule atokaye jasho.

Mlima haukuwahi kukosa mali, ila ulikosa njia. Leo njia imepanda hadi mlimani yenyewe, imo mfukoni mwa kila mtu. Kazi iliyobaki ni yetu.